Bastola Iliyokatazwa Kulia

Kaka yangu alirudi nyumbani mara moja tu tangu aende Ulaya, na mara hiyo alimletea baba bastola. Hakuleta dawa za presha tulizomwomba kwa simu mpaka vocha zikatuishia, wala miwani. Alileta bastola. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa chekundu, pamoja na kikopo kidogo cha fataki za kuwashia baruti, nayo ilikuwa imesuguliwa mpaka unaweza kuona meno yako humo. Alitueleza kwamba ni mfano wa bastola za zamani, zile za kushindiliwa baruti, uliotengenezwa upya kiwandani kwa ajili ya watu wanaopenda kukusanya vitu vya kale. Huko kwao, alisema, inahesabiwa pambo. Jinsi alivyoipitisha kwenye viwanja vya ndege sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa siulizi maswali ya maana.

Baba alikuwa mwindaji, na gobori lake lilichukuliwa na watu wenye silaha siku walipotuondoa kijijini kwetu, upande wa Kabambare. Tukaja kupanga nyumba hapa Kasongo, katika mtaa uliojaa wakimbizi wenzetu. Mimi nikapata meza sokoni, nauza sabuni, chumvi na betri. Baba hakupata kitu cha kufanya. Alikaa kwenye ukumbi wa mbele akiwatazama vijana wa pikipiki wakipita, na aliponiona narudi aliuliza kama kuna nyama sokoni, na ni ya nani, na imepigwa wapi. Nilimjibu. Hakuwahi kuridhika na majibu yangu.

Siku kaka alipofungua lile sanduku, alishika simu mkono wa pili akituchukua picha.

"Papa, nimekurudishia bunduki yako," akasema.

Baba aliigeuzageuza mikononi. Alilizungusha gurudumu lake la kuwekea risasi, lenye matundu sita, akasikiliza linavyolia tik, tik. "Iko muzuri," akasema. "Lakini inalia?"

"Inalia, papa, ila haipigwe. Iko ya koleksyo. Ukiipiga mara moya tu, bei yake inaanguka."

"Kumbe umeniletea bibi wa kuangalia," baba akasema.

Watu wote ukumbini walicheka, na kaka naye akacheka kwa sauti kubwa kuliko wengine. Ni yeye peke yake ambaye hakujua anachekwa nani. Aliondoka baada ya siku chache. Sanduku likabaki chini ya kitanda cha baba, katika nyumba ya udongo ambayo haikuwa na kiti cha tano lakini ilikuwa na pambo.

Kifua cha baba kilipoanza kumshinda, aliniita akaniambia jambo moja tu. "Siku yangu, bunduki ilie. Usimuache mama yako aoze kwenye mukeka."

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo bila kuelezwa. Kwetu mwindaji akifa, mjane wake hukaa ndani juu ya mkeka, hafiki kaburini. Huko kaburini, ukishatupwa udongo wa kwanza, mtoto wa kiume hupiga bunduki mara moja kuelekea msituni. Mjane akisikia mlio ule anainuka, anatoka nje kwenda kuoga, na wawindaji wenzake huyo marehemu wanapata ruhusa ya kurudi porini. Bunduki isipolia, mjane hainuki. Anabaki pale, analetewa chakula pale, mpaka bunduki ipatikane. Nikiwa mdogo nilimwona jirani yetu mmoja akikaa hivyo masika mazima, miguu ikamvimba, kwa sababu mashemeji zake walikuwa wanagombana nani ashike gobori.

Sisi hatukuwa na gobori la kugombania. Kule vijijini magobori machache yaliyobaki yamefichwa, na mtu akiingia nalo Kasongo anaitwa mtu wa msituni kabla hajasema jina lake. Bunduki pekee niliyoweza kuifikia ilikuwa ile iliyolala kwenye kitambaa chekundu.

Baba alifariki asubuhi moja ya kiangazi. Nilimpigia kaka. Alilia, na alilia kweli, sitamdhulumu hilo. Akasema hawezi kuja, karatasi zake hazijakamilika na kazini hawamruhusu. Nikamwambia pole. Kisha nikamwambia kwamba kesho nitaipiga bastola kaburini, kama baba alivyotaka.

Sauti yake ikabadilika hapo hapo.

"Hapana, mudogo wangu. Usiipige. Nilikuambia ile kitu iko ya koleksyo. Nilikuwa ninataka kuirudisha huku."

"Yaya," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "si ilikuwa zawadi ya papa?"

"Iko zawadi, ndiyo. Lakini papa amekufa. Mukubwa sasa ni mimi."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walisema hivyo kabla ya simu. Siku hizi asiyekuwepo ndiye mwenye neno la mwisho, na sisi tuliomgeuza baba kitandani, tuliomkanda na kumsafisha, tunangoja kuambiwa. Nilimchukia kaka yangu dakika ile. Nilimchukia kwa moyo mkunjufu kabisa, kama mtu anavyokula akiwa na njaa.

Ingekuwa kaka peke yake ndiye anayenizuia, ningeipiga palepale uani, na simu nikaiweka karibu asikie. Lakini kulikuwa na kizuizi cha pili, na hicho kilikuwa cha haki. Mama mmoja jirani, ambaye naye alitoka Kabambare na watoto wake bila kitu chochote, alinivuta pembeni ya nyumba ya matanga.

"Baba yako alikuwa mutu muzuri," akasema. "Lakini ukipiga bunduki huku, watoto wangu watakimbia tena. Ule mukubwa hata akisikia bati inaanguka, anaingia chini ya kitanda."

Jibu alilileta mzee aliyefika mchana kutoka Lusangi kwa pikipiki, mwindaji mwenzake baba wa miaka yote, ambaye mimi namwita baba mudogo. Alikuwa na baruti ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, ameifunga kiunoni. Aliposikia hofu ya yule mama alitikisa kichwa.

"Gobori linasema neno moya na kunyamaza," akasema. "Watu ya Kabambare wanajua. Vita ndiyo inasema mingi."

Ilikuwa kweli, na kila aliyekuwepo aliijua. Mlio mmoja ni mwindaji. Tumelala na milio ya namna hiyo utotoni bila hata kugeuka. Tukaenda kwa chef wa mtaa. Akakubali: mara moja tu, saa ya mazishi, na basoda, wale wanajeshi wa kambini, atawaarifu yeye mwenyewe. Katekista akatangaza kanisani, na watu wa msikiti wakaambiwa pia, kwa kuwa mtaa ni wetu sote. Yule mama jirani akasema kama ni moja, basi ni sawa, atamziba mtoto wake masikio.

Hata hivyo usiku sikulala vizuri, wala sitadai kwamba nilikuwa nafikiria mila. Nilikuwa namfikiria kaka. Sehemu yangu moja ilitaka kuipiga bastola kwa ajili ya baba, na sehemu nyingine ilitaka kuipiga ili isiwe mpya tena. Asubuhi nilikwenda kumwangalia mama. Alikuwa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge amejifunika kichwani.

"Italia?" akaniuliza.

"Italia, mama."

Akaitika kwa kichwa. Hapo ndipo nilipokata shauri. Mengine yote yalikuwa kelele.

Baba mudogo aliishindilia bastola nyuma ya nyumba. Risasi hakuweka, maana haya ni mazishi. Alimimina baruti katika tundu la kwanza, akalikandamiza kwa nyuzi kavu za mchikichi kama anavyofanya katika gobori lake, kisha la pili, kisha la tatu.

"Baba mudogo, si tunapiga mara moya tu?"

"Tunapiga moya," akasema, "lakini bunduki ya mwindaji haiendi kaburini na njaa."

Hiyo nayo ni mila. Gobori linalokwenda kumsindikiza marehemu hushibishwa mpaka mdomoni, kwa sababu kupunja baruti siku hiyo ni kumpunja maiti. Gobori lina mdomo mmoja. Huyu mzee aliona midomo sita, akailisha yote sita, na akavika fataki zote. Nami nilimwona akifanya hivyo kwa mikono yenye heshima, nikaona aibu kumwambia kitu.

Watu walikuwa wengi kaburini. Katekista alimaliza sala, udongo wa kwanza ukatupwa, watu wakarudi nyuma wakaniachia nafasi. Nilielekeza mtutu upande wa msitu. Nilikuwa mtoto wa pili nikisimama mahali pa mtoto wa kwanza, na nitasema ukweli, nilijisikia fahari. Nikavuta.

Tundu la kwanza lililia vizuri, poo, na moshi mweupe. Lakini cheche zikarukia zile nyuzi kavu za matundu jirani. Matundu mengine yakajibu, moja nyuma ya jingine, kwa kasi ambayo hakuna mkono wa mwindaji unaoweza kuifanya. Moto ulinichoma vidole nikaitupa bastola chini. Na watu ya Kabambare wanajua, kama alivyosema mzee.

Hawakupiga kelele. Waliozoea kukimbia hawapigi kelele. Kila mmoja alishika mtoto aliyekuwa karibu, wake au wa mwenzake, wakaondoka wameinama. Katekista aliyetangaza habari ya mlio mmoja kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa wa mbele. Huko mtaani nilisikia milango ikibamizwa na sufuria zikigongana. Makaburini tukabaki baba mudogo na mimi, na jeneza lililofunikwa nusu.

"Wamefikiri ni wale," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaokota koleo, nami nikaokota jingine, tukamfukia baba wawili tu, mimi kwa mkono ulioungua. Mtu aliyekuwa na wanaomlilia wengi kiasi kile akafukiwa kama mtu aliyeokotwa njiani.

Basoda walifika wakikimbia, chef wa mtaa nyuma yao akihema na kuwaeleza. Walimwelewa, lakini bastola waliichukua. Na kaka akapiga simu tukiwa bado tunasawazisha udongo, kwa sababu habari mbaya za Kasongo hufika Ulaya kabla ya kufika mtaa wa pili.

"Ni kweli uliipiga?"

"Ni kweli."

"Imeharibika?"

Nikamwambia mkono wangu umeungua, baba tumemzika wawili, watu wamekimbia, mama sijamwona bado. Akangoja nimalize, kisha akauliza tena kama imeharibika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini nimegundua kwamba inaweza kumpiga barabara mtu aliye nyumbani. Nikamwambia iko kwa basoda, awapigie wao. Nikakata.

Nyumbani nilikuta mkeka mtupu. Mlango wazi, sufuria ndogo haipo, blanketi la baba halipo. Nilichukua pikipiki ya kukodi, tukafuata na dereva njia ya Nyangwe, kwa sababu watu wote walikuwa wamekwenda upande wa mto. Wengi walikuwa wanarudi tayari, wanatembea taratibu na mizigo yao kichwani, hawanitazami. Yule mama jirani alipita na mtoto wake mgongoni, mtoto mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa inaburutika chini. Nilimsalimu. Hakuitika, na sikumlaumu.

Mama nilimkuta mbali, amekaa kando ya barabara, sufuria mapajani, blanketi begani. Hakuwa ameoga. Alitazama nyuma yangu kana kwamba kuna mwingine anakuja.

"Baba yako, mumemuacha na nani?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia baba amezikwa. Nikamwambia hakuna vita, ule ulikuwa mlio wa baba, umeshapigwa, sasa anaweza kuinuka na kuoga, mambo yamekwisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu alikaa na bunduki ya baba nyumba moja tangu alipoolewa. Alikuwa akisikia mlio kutoka msituni anaweka maji ya nyama motoni kabla baba hajarudi.

"Ile haikuwa yake," akasema. "Ya baba yako ninaijua."

Akainuka, akajifuta vumbi, akapanda nyuma yangu kwenye pikipiki. Tulipofika alishuka, akaingia ndani, akautandika mkeka vizuri, akakaa, akanyoosha miguu yake. Nilisimama mlangoni nikimbembeleza. Baba mudogo alimbembeleza. Katekista alikuja na aibu zake akambembeleza. Aliwajibu wote kwa upole kwamba anangoja bunduki ilie. Hiyo ilikuwa kiangazi. Sasa mvua zimeanza, miguu imeanza kumvimba, na bado yuko pale.