Waya mpya umemnenepesha Babu

Bibi amekataa HDMI.

Leo nimepanda mlima hadi kwake Bombo na waya mpya wa HDMI kutoka Same, nimuunganishie deki na televisheni. DVD anayoijali ni moja tu: marehemu Babu akiimba besi kwenye kwaya ya kanisa.

Picha ikatoka safi kabisa. Nikasubiri sifa.

"Huyu nani?"

"Si Babu, Bibi?"

"Babu yako hakuwa na mashavu hayo. Nirudishie mume wangu."

Nikachomeka tena zile nyaya za zamani, nyekundu, nyeupe na ya njano. Picha ikafifia, lakini Babu akakonda. Bibi akasogeza kigoda, akaanza kuimba naye.

Mafundi, kwa nini waya wa dijitali umpanue mtu hivi? Nauliza nijue tu. Waya wenyewe narudi nao Same.