Mama Aliyesoma Maji Katika Majani ya Shu

Habari imenifikia kwa mdomo wa mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka mpaka wa Kavimvira: yule mama mkulima wa mboga wa Mulongwe amefariki, na wamekwisha kumzika. Wasomaji wangu wengi hawakumjua, kwani hakuwahi kushika wadhifa wala kuhutubia mkutano. Nilimjua nikiwa mwalimu kijana, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wazungu walipoondoka wakatuachia vitabu vyao. Nilichora jani ubaoni, nikaandika sehemu zake kwa Kifaransa, nikadhani somo limekwisha. Siku moja nilikwenda shambani kwake kununua biringanya. Aliniambia nifumbe macho, akanipa majani mawili ya biringanya. "Sema, mwalimu, gani imetoka karibu na mayi?" Moja lilikuwa pana na laini, la pili dogo, gumu, lenye manyoya yaliyokwaruza vidole. Nilikisia vibaya. Akacheka. "Hii ya manyoya iko ya kule mu mawe. Jua kali, mayi kidogo, inajifunika. Ile ya mufereji inakunywa kila siku, itajifunika ya nini?"

Kiangazi kimoja, wakati wa uasi uliofuata uhuru, mapigano yaliingia mjini kwetu, tukakimbilia milimani. Tuliporudi, baada ya kama mwezi mmoja, nyumba zilikuwa zimevunjwa na kuporwa. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki mtaani: mkulima msema Kirundi kutoka Mutarule, aliyekodi shamba jirani na la yule mama. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa, alilaumiwa yeye, eti ndiye aliyewaonyesha waporaji milango. Walimfunga mikono. Mkuu wa waasi mtaani kwetu, kijana mwenye bunduki, akaamuru apelekwe ukingoni mwa mto. Sote tulielewa maana yake. Nami nilinyamaza; nimeandika mengi katika safu hii, lakini hilo sijawahi kuliandika.

"Nilikuwa nanyweshea shu ya mama," yule mtu alirudia, yaani kabichi zake. Watu wakamzomea. Mama akamsogelea. "Vituta vyote vitatu?"

"Hapana, mama. Viwili. Cha upande wa barabara niliacha, niliogopa kuonekana."

"Ulianza wakati gani?"

"Masasi ya bunduki ilipokwisha. Mbele ya pale nilikuwa nimejificha mu matete."

Mama akamgeukia mwenye bunduki. "Baba, twende tuone. Shu yangu haina ndugu Mutarule."

Tukaenda sote. Alikata kabichi moja karibu na mto, akaifunua jani baada ya jani. Ya nje yalikuwa madogo, mazito, yamefunikwa na weupe kama nta. Ya ndani mapana, laini, na weupe hafifu. "Haya ya inje iliota na kiu. Haya ya ndani ilipata mayi. Nani kati yenu aliona mvua?" Kisha akakata nyingine upande wa barabara. Kwenye kituta cha barabarani weupe ulikuwa mzito mpaka moyoni mwa kabichi. Mtu akapaza sauti nyuma: "Jani haisemi nani alimwaga mayi!"

"Kweli, haisemi jina," mama alijibu. "Lakini nani mwingine alijua kwamba hiki kilibaki kikavu?"

Yule kijana alipitisha kidole juu ya jani moja, kisha jingine. "Mumufungue," alisema.

Mkulima alirudi kwao Mutarule, bondeni, akazeeka huko. Mimi nilibaki na swali, nikampelekea mama baada ya siku kadhaa: kumwagilia kabichi si kuthibitisha kwamba hakuonyesha milango. Hakukasirika. "Miye pia sikujua, mwalimu. Nilitaka tuangalie kwanza, mbele ya kuua."

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba asubuhi ile nilimhurumia yule mtu. Nilimhurumia, ndiyo, na wengine pia walimhurumia, nasi sote tulimsindikiza kwa macho kuelekea mtoni. Mama peke yake ndiye aliyetaka kujua jambo. Tangu hapo siiamini huruma isiyouliza kitu. Swali moja dogo, vituta vingapi, lilifanya kazi ambayo huruma yetu yote haikuthubutu kuifanya.