Namba ya Mlango Niliyompa Mgeni

Nilimshuku tangu Alhamisi ya kwanza. Jumuiya yetu ndogo ya Ziwani ilikuwa ya watu tisa, tukisali nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Huyu bwana akaingia peke yake, viatu vinang'aa, akakaa karibu na mlango. Akasema wamehamia juzi, mkewe ni mjamzito, miguu imevimba, hatoki. Mke gani huyo asiyeonekana hata akichota maji mferejini?

Miaka ile ya themanini mwanzoni mtu alichukuliwa na makachero kwa neno moja tu. Na mume wangu, dereva wa lori, mdomo wake haukuwa na breki. Kwetu, Injili ikishasomwa, kila mtu husema lililomgusa. Yeye kila wiki lililomgusa ni walafi wa serikalini! Nilimkanyaga mguu mpaka nikachoka.

"Wakikuchukua, hawa watoto nitawalea na nani?" nilimuuliza tukiwa nyumbani. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akacheka. "Mama watoto, yule ni Mkristo mwenzetu."

"Hata Yuda alikula mezani!"

Desturi ya jumuiya ilikuwa mgeni aonyeshwe milango yetu, shida ikimpata asihangaike. Basi Alhamisi ya tatu akauliza ni nani huwasaidia kina mama wakishikwa na uchungu. Wote wakanisonta mimi. Akaja, kofia mkononi, akaniuliza ninakaa namba gani. Ala! Nikajua ndiyo kazi aliyotumwa, apate mlango wa mume wangu. Nikampa namba ya nyumba ya mwisho kabisa, kule uani, ambako simjui mtu. Nilijiona mjanja, haki ya Mungu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naanika nguo alipotokea mbio, shati limelowa jasho. Alikuwa amebisha kule nilikomtuma, wakamwambia hawanijui, akaanza kubisha mlango mmoja mmoja, safu baada ya safu. Nikatupa nguo, nikamfuata.

Mkewe alikuwepo kweli. Alikuwa sakafuni peke yake, na mtoto ameshatoka, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Niliifungua. Nikampulizia pumzi, nikamsugua mgongo, nikamwita Mungu kwa sauti. Mtoto alikuwa ameshapoa.

Yule bwana akapiga magoti kando yangu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Mimi mgeni, nilipotea njia."

Nikamwambia nimemsamehe.