Jina la Mama kwenye Kitabu cha Nyota

Kuimba Mayala alijua; hilo hata maadui zake hawakumnyima. Alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Bagalu upande wa Bariadi, na kila pamba ilipokwisha kuvunwa alisimama uwanjani kupambana na wapinzani wao, kundi la Bagika. Mashindano hayo hayana refa. Ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wakikuhama wakaenda upande wa pili, basi umeshindwa. Miaka miwili mfululizo walimhama Mayala wakamfuata Bujiku, ningi wa Bagika. Wachezaji wake wakaanza kunong'ona, na yeye, mtu mzima wa miaka arobaini, akawa hali akashiba.

Ndipo alipomwendea Kasmiri, rafiki aliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni. Kasmiri alikuwa karani wa ushirika hadi mwaka uliopita, soko la pamba lilipofunguliwa na makampuni ya watu binafsi yakaja na mizani yao. Ushirika ukayumba, makarani wakarudishwa nyumbani. Wengine walishika jembe. Kasmiri alishika kitabu cha falaki alichofundishwa na mzee mmoja Tabora, na wateja hawakukosekana.

Kasmiri alimpangia mambo ya juu kama mtu anayesimulia ofisi. Kila siku ina sayari yake, na kila sayari ina malaika wake. Chini ya malaika yupo mfalme wa majini, chini ya mfalme mawaziri, chini ya mawaziri askari. Jumanne ni ya Mirihi, ya ugomvi. Alhamisi ni ya Mushtari, ya heshima na ushindi, na mfalme wake ni Shamhurishi. Mayala akauliza, kwa woga kidogo, masamva, mizimu ya babu zake waliomlinda miaka yote, wao wako ngazi gani. Kasmiri akamjibu kwamba hao ni mabalozi wa nyumba kumi. Mayala akacheka. Kama babu zake walisikia kicheko kile, sidhani kama walikipenda.

Sasa, nyota ya mtu hupatikana kwa kuhesabu herufi za jina lake pamoja na jina la mama aliyemzaa. Kasmiri hakuuliza, alimjua Kabula, mama wa kambo aliyemlea Mayala, akidhani ndiye aliyemzaa, akaliandika jina lake na kuanza kuhesabu. Angeachwa aendelee, yasingetokea yaliyotokea. Lakini Mayala aliogopa. Aliwaza kwamba jina la uongo likipelekwa kwa mfalme wa majini, ushindi utashuka kwa mtu mwingine. Akaushika mkono wa rafiki yake.

"Siyo Kabula," alisema. "Andika Nyamizi."

Mdomo uliponza kichwa. Akaeleza yote. Alipokuwa na miaka sita, huko Kalemela, watoto watatu wa jirani walikufa katika mwezi mmoja, na watu wakamtazama mama yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, wakasema ndiye mchawi aliyewaua. Nyumba ilichomwa. Baba akatangaza kwamba mke wake amekufa, kisha akahamia Bariadi na mtoto. Kumbe Nyamizi alikuwa hai. Alijificha Kimali, akabatizwa Felisita, na Mayala alipokwenda kumtazama alimwita shangazi mbele za watu. Kasmiri aliuliza tu anaishi upande gani, ili moshi wa ubani uelekezwe huko. Mayala akamtajia hata kigango anachosali.

Alhamisi aliyoichagua Kasmiri, Mayala na Bujiku walikutana uwanjani. Mayala alianza vizuri, watu wakamjaa, na moyo wake ukatulia. Kisha Bujiku akanyamazisha ngoma zake na kuimba peke yake, polepole, kila neno lisikike:

"Mayala mwana wa Nyamizi, mama yako hakufa Kalemela. Yuko Kimali anakamua fisi, ukienda utapewa maziwa."

Fisi kwa Wasukuma ni ng'ombe wa mchawi. Hapakuwa na haja ya kufafanua. Watu walicheka, wakageuka, wakahama wote, hata baadhi ya wachezaji wa Mayala wakaitikia wimbo ule kabla hawajajua wanaitikia nini. Mayala alibaki na ngoma nne na vumbi. Aibu hakuisikia. Alichosikia ni kwamba wimbo ule mtamu ungelala katika kila kijiji jioni ile, na Kimali ungefika bila kukosa.

Alimkuta Kasmiri upande wa pili, amesimama karibu na ngoma za Bujiku. Alimuuliza kwa nini. Kasmiri hakukana.

"Zamani pamba tulimuuzia mmoja," alisema. "Sasa tunamuuzia anayekuja. Bujiku alikuja."

Mayala alitamani kumpiga, lakini miguu ilikuwa imeshaamua. Alichukua baiskeli akaondoka palepale, akapumzika njiani kwa watu asiowajua, na kesho yake saa sita mchana akaingia Kimali. Mama yake alikuwa uani akibangua karanga. Akapiga magoti akamweleza yote, wimbo, Bujiku, Kasmiri, akilia kwa hasira, akirudia kwamba rafiki amemuuza.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe ulipewa nini?" aliuliza.

Mayala hakuelewa.

"Miaka thelathini na minne jina hilo sijalitaja, hata kwa padri katika kitubio. Wewe ulilitoa upate nini?"

"Nishinde ngoma, mayu."

Mama akanyanyuka, akakunja khanga mbili na blanketi, akazifunga, akamwachia karanga zake ungoni. Mayala aliposhika baiskeli ili ampakie, alimzuia kwa mkono.

"Hapana, mwanangu. Safari hii wewe usijue niendako."

Akashika njia peke yake, mwanamke wa karibu miaka sitini, na Mayala akageukia ukuta, kwa amri yake, asione amepita wapi.