Bwawa la Uani na Samaki wa Mama

Nyumba yetu iko hatua mia nne kutoka baharini, nimezihesabu, na bado niliagiza maji ya lori nikayajaza kwenye bwawa la plastiki uani. Watu wa Malindi ni wastaarabu, hawakunicheka usoni. Walisimama kwenye uzio, wakatoa salamu, wakauliza hali ya mgonjwa, kisha wakauliza kwa upole kabisa kama bahari ina hitilafu.

Mgonjwa ni mama yangu. Alikuwa amepasuliwa goti, na goti likapona kama mlango uliovimba kwa mvua: linakunjika mpaka mahali fulani, halafu basi. Bibi wa mazoezi ya viungo hospitalini alisema mama atembee ndani ya maji ya kiunoni nusu saa kila siku, kwa sababu majini mwili huwa mwepesi na goti husahau kuogopa. Akaongeza kwamba goti lina miezi michache tu ya kukubali kufundishwa. Ikipita hiyo, litabaki lilivyo.

Kwa mama, kubaki lilivyo kulikuwa na maana moja. Alikuwa akisali juu ya kiti, akiinamisha kichwa kidogo pale ambapo maisha yake yote alikuwa akiweka paji la uso chini. Dini inaruhusu. Imamu alimwambia hivyo, na mimi nikamwambia, na hatukumfariji hata kidogo. "Nasali kana kwamba nangojea kinyozi," alisema. Sokoni hakuwa na hamu napo, maumivu alikuwa ameyazoea. Alitaka kusujudu tu.

Bahari aliikataa siku ya kwanza. Mama ni mtu wa visiwa vya kaskazini. Amezaliwa bahari imemzunguka pande zote, na hajapata kuiingia kupita vifundo vya miguu. Ufukweni, alisema, kuna watu uchi, na mawimbi hayamwonei haya mtu mwenye goti moja.

Ndipo nikalichukua bwawa hilo kwa familia moja ya Waitaliano waliokuwa wakirudi kwao. Lilikuwa mabomba ya chuma, turubai zito la buluu, pampu na ngazi. Bwawa la aina hii halichimbwi. Ni shimo lililosimamishwa juu ya ardhi. Ukitaka kuingia unapanda ngazi kama fundi wa kuezeka, kisha unashuka upande wa pili. Maelezo yake yalikuwa ya Kiitaliano. Mtaani kwetu wanaojua Kiitaliano si haba, ila ni Kiitaliano cha kuuzia vinyago. Walinisomea ukurasa wa pampu wakaniambia ni bei nzuri, rafiki.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Mgiriama wa makamo, ambaye alitunza bwawa la hoteli kwa miaka mingi mpaka hoteli ikafungwa. Nilimwomba msaada. Alikwenda kwake, akarudi na kaptula nyeupe, fulana nyeupe, kofia nyeupe, na filimbi shingoni. Hoteli ilikuwa imekufa zamani, lakini sare ilikuwa imepigwa pasi.

"Kina chake ni kiasi gani?" aliniuliza.

"Kiunoni."

"Basi ni marufuku kupiga mbizi," akasema, akaandika hivyo kwenye ubao na kuutundika ukutani. Ndani ya bwawa lile angepiga mbizi bata tu, tena bata mdogo.

Tulisawazisha mchanga, tukasimamisha mabomba, tukajaza maji. Maji hayana upendeleo: upande wa migomba yalikaribia ukingo, upande wa jikoni yalikuwa chini kwa shibiri nzima. Bwawa lilikuwa limeinama kama linasikiliza umbea. Tukayamwaga yote, migomba ikanywa mpaka ikalewa, tukaanza upya. Nikazungushia uzio wa makuti mpya, mrefu kuliko mtu, ili mama asitirike.

Kisha ndipo nikajua nimejiletea nini. Mwarobaini wetu huangusha majani kama umeajiriwa. Kunguru waligundua kwamba mkate mkavu ukichovywa unalainika, na siku moja wakachovya utumbo wa kuku. Kichujio cha pampu nilikisuuza asubuhi na jioni. Hewa ya chumvi ilianza kula chuma wiki ya pili. Jirani alikuja kila siku saa moja asubuhi na kisanduku chake cha kupimia, akachota maji kwenye kichupa, akadondosha tone, akalinganisha na kadi yake ya rangi. Yakiwa sawa alitangaza, "Leo wageni wanaweza kuingia." Mgeni alikuwa mmoja, naye alikuwa kwenye baraza ya nyuma amekunja uso.

"Mama, maji tayari."

"Mai haya yanuka hospitali."

"Ni klorini, mama. Inaua vijidudu."

"Na samaki wako wapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini sikuwa nimesikia vibaya. Kwao visiwani kila nyumba ya mawe ina birika la maji, na ndani ya birika huwekwa visamaki viwili vitatu vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika hujengewa bakuli la Kichina, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Samaki akiwa hai, maji ni mazima. Akifa, hakuna anayeyagusa. Mama alikuwa ameishi Malindi miaka arubaini bila kulitaja birika hilo, akalitaja siku niliyomaliza kusugua bwawa.

"Mai yasiyo na kiumbe," alisema, "ama yana mbu ama yana sumu. Mimi hutanitia ndani yake."

Muuza samaki wa kutoka Sabaki hupita kwetu na baiskeli. Mama akamwagiza bila kuniambia. Keshokutwa yake nilirudi kutoka kushona mapazia ya watu nikakuta dumu tupu kando ya ngazi, na jirani yangu amesimama na wavu wake mrefu, amevua kofia. Mbele yake, juu ya jani la mgomba, visamaki saba vimelazwa mstari mmoja.

"Katika kazi yangu yote," alisema polepole, "sijapoteza mtu."

"Mai yamesema yenyewe," mama akajibu kutoka barazani.

Tukafanya mapatano. Dawa itasimama, samaki wengine wataletwa, naye ataingia. Jirani alikubali kwa uso wa mtu aliyeambiwa amwage maziwa mtoni. Siku ya nne maji yalikuwa na rangi ya mchuzi wa mchicha. Alipima kwa mazoea, akaigeuza kadi yake mbele na nyuma, na rangi ile haikuwamo. Akaivua filimbi na kuitia mfukoni.

Samaki wapya saba walistawi. Mama aliwatumbukizia bakuli la maua kutoka kabatini mwangu, lile la wageni. Mbu hatukumwona hata mmoja, lazima niseme ukweli. Na mama hakuingia. Kwanza samaki waachwe wazoee. Kisha upepo ulikuwa mkali. Kisha kichwa kilimuuma, kisha ikawa Ijumaa. Kila asubuhi alikwenda kwenye ngazi, akashika bomba, akatazama juu, akarudi kukaa.

Sasa najua alikuwa akiogopa. Maadamu hajaingia, goti lilikuwa bado na nafasi. Akiingia akatembea na goti likakataa, basi angekuwa amekwisha kujua. Lakini wakati ule sikuona hofu, niliona ukaidi, na mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa nimesugua turubai kwa brashi miezi miwili kwa ajili ya mtu anayelitazama kama runinga.

Siku tuliyorudi kliniki, yule bibi alilipima goti akakuta halijasogea hata kidogo. Akaniambia kando kwamba muda unakwisha. Njiani nilimsema mama sana. Tulipofika nilimwita jirani.

"Lete dawa."

Sijapata kumwona mtu mzima akikimbia kwa furaha vile. Alileta mkebe, akapima kikombe kimoja, kipimo cha kawaida, akaiyeyusha kwenye ndoo na kunipa. Nikaimwaga karibu na pampu, pampu ikaanza kuisambaza.

"Samaki wangu wamo," mama akasema.

"Watajua wenyewe," nikamjibu. Sijivunii neno hilo. Nililitupa kwa mama yangu mzazi, mbele ya jirani.

Mama aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na kifumbu cha kuchujia tui, akaja na fimbo yake mpaka kwenye ngazi. Fimbo akanikabidhi mimi kama mtu anavyomkabidhi bawabu. Akapanda. Kidato cha kwanza mguu mzima, mguu mbovu ukafuata. Kidato cha pili hivyo hivyo. Nilitaka kumshika nikaogopa kumshtua. Juu kabisa alikaa, akageuka, akashuka upande wa pili na dera lake na mtandio wake, na maji ya kijani yakampokea kiunoni.

Jirani aliitoa filimbi mfukoni akaipeleka mdomoni kwa mazoea ya kazi, kwa kuwa hotelini kuingia na nguo hakuruhusiwi. Haikulia. Akageuka akauelekea uzio kwa heshima, akatazama saa yake.

"Lete beseni," mama akaniambia. "Si hapo. Huku."

Nikaleta. Samaki walikuwa wamekwisha kuchanganyikiwa, wengine wamepanda juu wakihema. Mama aliwafuata. Alizunguka bwawa kulia, akazunguka kushoto, akakata katikati, maji yakimsukuma naye akiyasukuma, na kila alipompata mmoja alikinyanyua kifumbu na kumtupa kwenye beseni bila kunitazama. Nilimzunguka kwa nje na beseni la maji yasiyo na dawa, nikijikwaa kwenye mabomba, nikilia na kucheka, sijui kipi zaidi. Nilimwomba radhi. Akaniambia nishike beseni vizuri.

Akapata sita. Wa saba hakuonekana. Mama akasimama, akafikiri, kisha akachuchumaa. Goti lile likakunjika ndani ya maji mpaka maji yakamfika kidevuni, akapapasa chini, akaibuka na bakuli langu la wageni limefunikwa kwa kiganja. Samaki alikuwa ndani yake, mzima.

"Dakika thelathini na nne," jirani akauambia uzio.

Tangu siku hiyo dawa haikutiwa tena. Jirani alibuni utaratibu wake: kila asubuhi humwaga ndoo kumi kwenye migomba na kujaza nyingine kumi, husugua kingo, huisuuza pampu, na maji yakatulia kwenye rangi ya chai isiyokolea. Kadi ameitupa. Siku hizi hupima kwa kuhesabu samaki, kisha hutoka nje ya uzio wa makuti na kumtolea mama ripoti kutoka huko huko.

"Shikamoo, mama. Leo nimeona sita."

"Marahaba. Tazama vizuri, ni saba."

"Sita, mama. Huenda mmoja amejificha."

Basi mama huingia kumtafuta. Samaki walikuwa saba siku zote, mimi nimewahesabu. Siku nyingine jirani huona watano, siku ile ambayo bibi wa kliniki ameagiza dakika kumi zaidi. Wala mama hajapata kusema kwamba anafanya mazoezi. Anasema ana samaki wa kuangalia, na kwamba yule bwana ni mtu mwema lakini macho yake yamekwisha.

Wiki iliyopita, alasiri, nilikuwa chumbani kwangu kwenye cherehani. Nilimsikia mama akikimu sala, kisha kimya. Kimya kikarefuka. Nilipochungulia chumbani mwake nilimkuta chini. Magoti yote mawili yalikuwa kwenye mswala, viganja vyote viwili, na paji la uso. Nilisimama mlangoni nisipumue. Nikadhani anarefusha sijida, na nani angemlaumu. Nikaona ana mengi ya kusema huko chini baada ya mwaka mzima.

Kisha akapiga mkono wake mmoja kwa mwingine. Mwanamke akiwa ndani ya sala na akataka kumzindua mtu, hasemi, hupiga kofi. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Mama alikuwa amenasa.

Nikamshika kwapani nikamwinua taratibu mpaka akakaa. Hakunitazama. Aliendelea na sala yake palepale chini, na kila sijida iliyofuata nilimngoja nyuma yake nikamwinua, mpaka akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kwenye paji lake la uso palikuwa na alama ya nyuzi za mswala. Alinyoosha mguu, akalifikicha goti, akavuta pumzi.

"Yule bwana wa bwawa," akasema, "kunasa usimwambie. Mwambie nimeshuka."