Mstari Uliobaki Mkononi

Kule kwa dobi walimwita Mikono Mirefu. Si kwamba alikuwa mwizi, la hasha! Ni mashati yake. Chumba cha pasi kina mvuke wa kumwivisha mtu, wenzake wamebaki na vesti, yeye kafunga vifungo mpaka mwisho.

Kisa ni tatuu. Mkono wake wa kushoto una mstari mzima wa maneno, toka kifundo hadi kiwiko. Siku walipouona, basi tena! Huyu akasema katoka jela, yule akasema alikuwa wa vilabuni. Bwana mmoja aliyetaka kumwoa aliuona, akaaga kwamba anakwenda dukani mara moja, na mpaka leo hajarudi. Shule wote walikwenda, macho wanayo, lakini hakuna hata mmoja aliyeyasoma yale maneno. Inauma, jamani.

Yalikuwa ya kaka yake. Kaka mtu alikuwa mlinzi wa ghala, na miaka yake yote ya lindo alikuwa akiandika riwaya kwenye makaratasi ya kuokota. Msomaji wake alikuwa dada yake peke yake. Alipokufa kwa homa ya mapafu, mama yao, ambaye hajui kusoma, alisafisha chumba cha marehemu, akayaona yale makaratasi, akayawashia moto wa kuchemshia waombolezaji chai. Dada alipofika jikoni, sufuria ilikuwa inatokota.

Kichwani mwake ulikuwa umebaki mstari wa kwanza tu. Wiki ileile akaenda kuchorwa kabla nao haujampotea: “Mama alikuwa hajui kuimba, lakini nyumba nzima iliamka kwa sauti yake.”

Sasa mama utamwambiaje kwamba amechoma kazi ya mwanawe? Hakumwambia mama, hakumwambia mtu, maana watu wana midomo. Mama alipouona mkono ule alipiga kelele, “Umejiandika jina la mwanamume kama gunia la mtu!” Tangu siku hiyo hakutaka umguse.

Kisha mama akapooza. Mama mdogo aliyekuwa akimwogesha akarudi kwake, na Mikono Mirefu akaingia na beseni, akakunja mikono ya shati.

“Huo mkono usiniguse.”

“Mama, maji yatapoa.”

Mama aligeuza macho pembeni. Picha ya mwanawe ilikuwa pembeni ya mto, imechakaa kwa kupapaswa.

“Mimi ndiyo naondoka, mwanangu,” akasema. “Niambie ukweli. Hapo pameandikwa nini?”

Masikini, swali hilo alikuwa amelisubiri miaka yote! Alitaka kumsomea, roho ilimtoka kwa kutaka. Lakini alijua mama akishasikia atauliza maneno mengine yako wapi, na atakufa akiyafikiria yale makaratasi.

“Ni jina la mwanamume, mama. Ujinga wa ujana.”

“Nilijua tu.” Mama akageuzia uso ukutani. “Kaka yako angekuwepo, angekuonea haya.”

“Ndiyo, mama.”

Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo, akachovya kitambaa, akamwogesha hivyohivyo, shati limelowa mpaka kiwikoni.