Bunduki Aliyoipima Bibi

Juzi breki za gari zilinipeleka Wadi Kabir, mtaa wa mafundi. Fundi alipokuwa anafungua magurudumu, nikasikia harufu ya mbao kutoka uchochoroni, nikaifuata. Karakana ya seremala niliyoijua utotoni haipo tena, panauzwa matairi. Harufu ilitoka kwa jirani yake anayeunda makabati. Nikasimama pale nacheka peke yangu, mama mtu mzima na buibui langu, mpaka wafanyakazi wakaacha kazi kunitazama. Ngoja nikusimulie kilichonichekesha.

Baba alikulia kwenye hadithi za babu, jinsi alivyokuwa akiwinda paa katika misitu ya Unguja. Huku Omani paa analindwa na sheria, lakini ile hamu ilimkaa baba rohoni. Basi akanunua bunduki kuukuu ya risasi moja, kwa vibali vyake vyote. Chuma chake kilikuwa kizima, kitako kimeoza. Akataka kiundwe kitako kipya kwa mti wa mkunazi, kimkae yeye na si mwengine, ili akapige shabaha siku ya Idi kule Yiti, kijijini kwa wajomba zangu, Waarabu wa huku huku. Wajomba walikuwa wakimtania kila mwaka kwamba watu wa Unguja silaha wanayoijua ni mwiko wa pilau.

Seremala akataka vipimo vya bega na mkono. Baba akamwambia vipimo ataleta kesho, kwani alikuwa na jambo lake moyoni. Bibi, mama yake, alikuwa fundi wa kanzu, na mwezi ule mteja alimrudishia kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Bibi aliifunika cherehani kwa kanga na hakuigusa tena. Nyumba ilipooza bila ule mlio wake.

"Mama, nipime wewe," baba akamwambia. "Seremala anajua mbao, hajui watu."

"Mie nishakwisha, mwanangu. Nna macho mie ya kupimia?"

Baba alisimama tu mbele yake, mikono kaining'iniza, mpaka bibi akachoka kumtazama akatafuta futi yake ya kushonea. Alimgeuza huku na huku, pini mdomoni kwa mazoea, ingawa hapakuwa na nguo ya kubana. Mimi nilikuwa chini nachagua mchele. Nilimsikia akiandika kwenye karatasi huku akijisemea, "Na inchi mbili za kurudi."

Unajua mafundi nguo. Kitambaa kikifuliwa hurudi, basi huacha ziada. Nami kwa akili zangu za miaka tisa nikadhani bunduki nazo hufuliwa. Nikaendelea na mchele wangu.

Kitako kilipokuja kilikuwa kizuri ajabu, kinang'aa mafuta. Bibi alikipima upya, akapiga kofi la furaha. "Sawasawa na karatasi yangu!" Jioni ile ile akaifunua cherehani. Baba akaiweka bunduki begani, nikamwona anarefusha shingo kama kobe, kidole kikifikia kifyatuo kwa taabu.

"Imenikaa barabara, mama," akasema.

Jikoni akamnong'oneza mama yangu kwamba kitako ni kirefu, na akikikata bibi atajua.

"Basi usikate," mama akamjibu, anageuza chapati. "Refusha shingo."

Siku ya Idi tulikula bokoboko la ngano na nyama mpaka tukashindwa kuinuka. Shabaha ilikuwa paa niliyemchora mwenyewe kwenye kadibodi, kasimamishwa chini ya mlima karibu na banda bovu la mbuzi. Baba akalenga, akapiga. Tukasikia bati la banda likilia.

"Hongera kaka, umepata paa!" shangazi akapiga kelele. "Paa la banda!"

Tulicheka mpaka machozi, na wajomba walipotafsiriwa wakacheka upya. Baba akatia risasi nyingine. Hiyo ikatimua vumbi tu. Ndipo nikamwona bibi hacheki tena. Akamwendea baba polepole.

"Nambie kweli. Mti ule una kosa?"

Nilijua akiambiwa kweli, cherehani hataigusa tena.

"La, mama. Jua limenipiga machoni."

Jua lilikuwa mgongoni mwetu. Mjomba mkubwa, bingwa wa kumtania baba, hakujua Kiswahili ila maneno mawili matatu, lakini nyuso alizijua kuzisoma. Akajipangusa paji la uso. "Wallahi, jua kali," akasema.

"Lete hapa," shangazi akasema. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, na mikono ambayo bibi alilalamika kila siku kwamba inakula kitambaa. Bunduki ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Akapiga mara moja tu, na paa wangu akatoboka shingo.

Bibi alipiga vigelegele mlima ukaitika. "Mnaona? Mti hauna kosa!" Kisha akamgeukia baba, akamshika shavu. "Wewe mwanangu nakupenda, lakini shabaha huna."

"Kweli, mama," baba akasema. Na akakubali kuwa hana shabaha mbele ya wajomba, kila Idi, mpaka bibi anaondoka duniani.

Bunduki ikawa ya shangazi. Bibi akashona miaka mingine mingi, na mikono ya nguo zetu ikazidi kurefuka. Tulikuwa tukiikunja tukishafika barabarani, na kuikunjua kabla ya kuingia ndani, baba mtu mzima akiwamo, tumejipanga nje ya mlango kama watoto wa shule.

Sasa nyumbani kwangu nikizidisha chumvi mchuzini naambiwa hapo hapo, hata sijakaa kula. Wanangu ni watu wakweli, nami ndivyo nilivyowalea, na ninajivunia. Lakini waongo wangu wote nimeshawazika, Mungu awarehemu, na hakuna siku inayopita nisiwatamani.